Nyembe mbili: barua kwa sahibu wa Malindi

Langoni, Lamu

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako imefika, na salamu za nyumbani kwako nimezipokea. Huku sote wazima, kusi lavuma tu. Nije kwenye swali lako: wembe upi uuchukue kwa duka lako la kinyozi, na upi kwa uso wako mwenyewe.

Umeandika kwamba wembe wa kutia, huu wa mpini unaowekwa nusu wembe, ni ule ule wembe wa kunoa wa wazee, ila umepunguziwa kazi. Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo ndilo linalowachanja watu. Nyembe hizi zashikwa namna moja na kukunjwa namna moja, lakini zikigusa ngozi kila mmoja una tabia yake.

Tazama uzito. Wembe wa kunoa ni chuma kizima: mgongo mnene, mbavu zimechimbwa hadi zikawa nyembamba kuelekea makali. Ukiulaza shavuni, uzito wake unatosha kukata. Kazi ya mkono ni kuongoza. Wembe wa kutia ni mwepesi, na kile kilichomo ndani kina unene wa milimita 0.1 tu. Mkono uliozoea uzito hausikii kitu, basi unaanza kukandamiza, na makali ya kiwandani hayangoji. Damu inatoka kabla ya maumivu.

Halafu pembe. Wembe wa kunoa waweza kuupata wenye ncha ya mviringo. Nusu wembe una pembe za mraba, kali kama makali yenyewe, na majeraha mengi hutoka hapo: chini ya pua, karibu na sikio, kwenye mzunguko wa kidevu, pale mkono unapogeuka na pembe moja ikatangulia. Ukinunua mpini, chagua ule ambao bati lake limefunika pembe zote mbili. Na kifungio kibane kweli kweli. Kikilegea wembe unatetemeka na kuruka-ruka, ukaacha mistari ya mikwaruzo shingoni.

Kuutia ni hivi: wembe wa makali mawili usiufungue kwenye karatasi yake. Ukunje kwa urefu pamoja na karatasi mpaka usikie umekatika. Nusu moja ingize kwenye mpini ukiishika kwa karatasi, ya pili ibaki imefungwa. Ukishabana, inua uangalie kwenye mwanga. Makali yaliyochomoza yawe sawa toka mwanzo hadi mwisho. Upande uliozidi ndio utakaochimba ngozi.

Mlalo ni kama nyuzi 30 kwa zote mbili, ila hupatikana kwa njia tofauti. Kwa wembe wa kunoa, acha kati ya mgongo na ngozi nafasi isiyozidi unene wa mgongo mara mbili. Kwa wa kutia, mpini wenyewe ni mnene na kipimo hicho hakifai: laza mpini ngozini, kisha uinue kidogo kidogo mpaka usikie nywele zinaanza kukatika, hapo ukomee. Pita fupi fupi, sentimita 2 au 3, mkono wa pili ukiikaza ngozi nyuma ya wembe. Ukisimamisha wembe wima unakwangua, hunyoi.

Ndevu zetu wengi ni za kipilipili, na hapa wembe wowote una hatari. Ukinyoa kinyume cha ndevu zilivyolala, nayo ngozi umeivuta sana, unywele hukatwa chini ya uso wa ngozi, na ukikua hujikunja ukaingia ndani. Vile vipele vya shingoni chanzo chake ni hicho. Kuosha kwa dawa hakuviondoi. Pitisha vidole kwanza ujue ndevu zimelala vipi, maana shingoni nyingi hulala upande. Nyoa kufuata zilivyolala, mara ya pili kingama ikibidi, basi. Wenye vipele wakitaka uso kama wa mtoto, wakatalie. Na povu liwe zito la maji laini. Maji ya kisima yenye chumvi hukata povu, ya mvua ni bora.

Sasa kazi ya wembe wa kunoa, ambayo wauzaji hawaisemi. Kila kabla ya kunyoa, usugue makali kwenye ukanda wa ngozi: uvute ukaze, wembe uende mgongo ukitangulia, na ukifika mwisho ugeuze kwa mgongo, kamwe si kwa makali. Kwenda na kurudi mara 30. Ukanda ukilegea, makali huviringika na wembe huanza kung'oa badala ya kukata. Baada ya miezi kadhaa utahitaji kinoo, namba 8000 kisha 12000 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi). Namba 1000 ni ya wembe uliopata mapengo tu. Mgongo na makali vyote vilale juu ya jiwe kwa pamoja, maana mgongo ndio unaopima pembe. Anayeinua mgongo kama anoaye kisu cha samaki ameuharibu. Kinoo cha fundi wa mashua usikiombe: kimeshachimbika katikati kwa tezo, nacho chatakiwa kiwe bapa kama kioo.

Na pwani yetu hii! Chuma cha wembe wa kunoa kinashika kutu kwa hewa ya bahari tu. Ukimaliza, suuza, kausha hadi kwenye kiungo cha mpini, paka tone la mafuta ya cherehani. Usiuache msalani.

Kwa duka lako sina mjadala: wa kutia. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na kupangusa kwa spiriti hakutoshi. Klorini, ambayo ingeviua, nayo huila chuma cha wembe wa kunoa. Vunja wembe mbele ya mteja, nusu moja kichwa kimoja, pakiti ya nyembe 5 inanyoa watu 10. Mpini uoshe kwa sabuni kabla ya spiriti. Nusu zilizotumika ziingie kwenye chupa yenye kifuniko, si kwenye taka za uchochoroni. Ila mtoto wa akika, wa siku 7, usimguse kwa nusu wembe wenye pembe wazi.

Kwa uso wako mwenyewe, chukua wa kunoa, ikiwa ukanda hutauonea uvivu. Huo uliouona kwa muuza vyombo vya zamani, maandishi ya Solingen au Sheffield, ile miji ya Ujerumani na Uingereza yenye sifa ya nyembe, yasikupumbaze. Ulaze juu ya kioo uone kama umepinda. Tazama kama mgongo umelika upande mmoja. Vishimo vya kutu mgongoni si neno, lakini kikiwepo hata kimoja kwenye makali, acha: kila ukinoa, makali yatamomonyoka hapo hapo. Nitumie picha za mgongo na makali kabla hujatoa pesa.

Wasalaam,
sahibu yako wa Langoni