Draya Inazunguka Lakini Nguo Hazikauki: Usikimbilie Kununua Elementi

Mvua za Novemba zikishika, kuanzia Tukuyu hadi Njombe nguo hukaa kambani siku mbili bila kukauka, na draya, yaani mashine ya kukaushia nguo, iliyofunikwa kitambaa tangu kiangazi inarudishwa kazini. Simu tunazopokea sisi mafundi kipindi hicho karibu zote zinasema jambo moja: mashine inazunguka, haina kelele, ila nguo zinatoka mbichi. Na mwenye mashine huwa ameshaambiwa kwamba elementi, ile koili inayotoa joto, imeungua. Mara nyingi elementi ni nzima. Kinachokosekana ni hewa au umeme wa kutosha, au nguo zimeingia na maji kupita kiasi.

Tuanze na maji. Draya hutengenezwa kwa ajili ya nguo zilizokamuliwa na mashine. Kilo 7 za pamba zikikamuliwa kwa kasi ya mizunguko 1,000 kwa dakika hubaki na lita nne hivi za maji. Zikifuliwa kwenye beseni na kukamuliwa kwa mkono, lita nane si ajabu. Kuigeuza lita moja kuwa mvuke kunakula takriban uniti 0.65 za umeme, bila kuhesabu joto linalopotea njiani. Hizo lita nne za ziada ni uniti 2.6, yaani zaidi ya saa nzima ya kazi kwa mashine ya wati 2,500. Hapo hakuna cha kutengeneza. Zikamue kwanza kwenye mashine ya kufulia, hata kama umezifua kwa mkono.

Kisha hewa. Joto peke yake halikaushi nguo. Lazima hewa yenye mvuke itoke ili hewa kavu iingie. Chujio la mlangoni lisafishwe manyoya kila baada ya mzigo, hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba dawa ya kulainisha nguo huacha utando usioonekana kwenye wavu wake. Limiminie maji ya bomba: yakituama juu badala ya kupita, lisugue kwa brashi laini na sabuni, likauke, ndipo ulirudishe.

Bomba la kutolea hewa ndilo linalosumbua zaidi huku kwetu. Mji wa Mbeya uko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na bomba linalopita kwenye ukuta wa baridi hugeuza mvuke kuwa maji kabla haujafika nje. Likining'inia katikati, maji hutuama kwenye bonde hilo, manyoya yanaganda humo, na njia inaziba taratibu bila mtu kugundua. Tumia bomba la inchi 4, fupi kadiri inavyowezekana, kona zisizidi mbili, likiteremka kidogo kuelekea nje. Halafu angalia mdomo wake wa nje. Kama kuna aliyefunga wavu wa mbu kuzuia panya na nyigu, uondoe leo hii. Manyoya huuziba ndani ya wiki chache. Kifuniko chenye vipande vinavyofunguka kwa upepo wa mashine kinatosha.

Kipimo chake ni rahisi. Chomoa bomba nyuma ya mashine, fungua madirisha, weka taulo mbili mbichi, iwashe dakika 20. Zikikauka vizuri kuliko kawaida, mgonjwa ni bomba. Kwa draya zisizo na bomba, zile zinazokusanya maji kwenye tanki, mwaga tanki, kisha vuta kile kisanduku cha kupozea kilicho chini na ukioshe kwa maji ya bomba. Ila draya za kisasa zenye gesi kama ya friji usizifungue mfumo wa gesi. Hiyo ni kazi ya fundi wa friji.

Umeme nao una ujanja wake. Joto la elementi haliendi sambamba na volti, linashuka kwa kasi zaidi. Mashine ya wati 2,500 kwa volti 230 ikipata volti 180 jioni watu wote wanapopika, inabaki na wati 1,530 hivi. Mota itazunguka kama kawaida, kwa hiyo utadhani elementi ni mbovu. Pima volti kwenye soketi mashine ikiwa inafanya kazi, siyo ikiwa imezimwa. Na isiunganishwe kwa ekstensheni nyembamba: inavuta karibu ampea 11, na waya uliokunjwa unayeyuka. Kifaa kidogo cha kulinda friji hakiongezi volti, kinakata umeme tu.

Yote hayo yakiwa sawa na bado hakuna joto, sasa fungua. Chomoa plagi kwanza, na vaa glovu, maana kingo za bati hukata kama wembe. Piga picha nyaya kabla ya kuzigusa. Ondoa waya wa elementi na weka mita ya kupimia umeme kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani. Kanuni ni 230 mara 230, gawanya kwa wati: elementi ya wati 2,000 isome omu 26 hivi, ya 2,500 isome 21. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Pima pia kutoka kila mguu hadi kwenye bati la mashine. Ikisoma, elementi imegusa bati, na ndiyo sababu breka inaruka. Tazama vichwa vya nyaya. Kilichoungua na kuwa cheusi kikatwe hadi kwenye shaba safi, kibanwe kichwa kipya. Usichomelee kwa risasi, itayeyuka.

Elementi ikiwa nzima, pima fyuzi ya joto, kidude kidogo chenye nyaya mbili karibu na elementi. Inatakiwa isome sifuri au karibu na sifuri. Nyingine zina kitufe cha kubonyeza katikati, nyingine zikikata ni kuweka mpya yenye nyuzi joto zilezile zilizoandikwa juu yake. Usiunge waya moja kwa moja kuiruka, hata kwa siku moja ya kusubiri spea. Manyoya makavu, joto lisilodhibitiwa na nyumba yenye dari la mbao: hatuifanyi kazi hiyo kwa bei yoyote. Tena fyuzi haikati bure. Ukibadilisha bila kuzibua njia ya hewa, mpya nayo itakata.

Dramu, lile pipa linalobeba nguo, isipozunguka, izungushe kwa mkono mashine ikiwa imechomolewa. Ikienda kirahisi mno, mkanda umekatika. Soma maandishi yake: 1930 H7 maana yake milimita 1,930 na mistari saba, na mpya ulingane. Kama mkanda upo na mota inanguruma tu, shuku kapasita, kile kidude kinachotunza chaji ya kuanzishia mota, mara nyingi ya maikrofaradi 8 au 10. Toa chaji yake kwa balbu ya zamani ya nyuzi kabla ya kuigusa.

Neno kwa wanaonunua mtumba: draya ya umeme kutoka Marekani usiichukue hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Elementi yake ni ya volti 240 lakini mota ni ya 120, hezi 60 (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde; yetu ni 50). Transfoma itapunguza volti, haitabadilisha hezi, na kwa hezi 50 mota itazunguka polepole na kuchemka.

Ukitupigia, tuma picha ya kibandiko cha ndani ya mlango chenye modeli na wati, picha ya bomba lilivyopita, na utuambie volti ulizopima. Kwa wateja wa Mafinga, Makambako na Njombe, taarifa hizo zinatuwezesha kuja na spea inayofaa mkononi.