Somo la bure asubuhi, la pesa mchana

Bwana Mhariri,

Tangu Septemba 2019, Rais wetu wa Kongo (DRC), Félix Tshisekedi, alipoanza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, shule ya msingi ya serikali ni bure. Nilifurahi, na bado nafurahi. Hapa Katuba, Lubumbashi, wapo watoto waliokuwa wakizunguka na maji ya kuuza, leo wamevaa bluu na nyeupe. Lakini tofauti ya mtoto wa mwenye nacho na wa asiye nacho haikufutwa pamoja na minervali, yaani ada ya shule. Imehamia ndani ya darasa.

Ingieni mwaka wa tatu huku kwetu. Dawati la watoto wawili linakaliwa na wanne, waliochelewa wanakaa chini kwenye simenti. Kitabu cha kusoma ni kimoja, anacho mwalimu. Anaandika ubaoni, watoto wananakili, na kabla wa nyuma hawajafika katikati, ubao umefutwa. Saa sita kengele inalia. Wenye franka za repetisyo, yaani masomo ya ziada ya kulipia, wanabaki, na sasa ndipo hesabu inaelezwa polepole, na mwalimu yuleyule, kwenye ubao uleule. Wengine wanakwenda nyumbani.

Simlaumu mwalimu. Zamani alilipwa na wazazi kwa ile tuliyoiita primu. Primu ilipofutwa, wengi hawakuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na hadi leo wapo wanaofundisha hivyo hivyo. Mkono mtupu haulambwi.

Halafu kuna Kifaransa. Sheria ya elimu ya 2014 inataka mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya taifa au ya mazingira yake, ambayo kwetu ni Kiswahili. Nani anaifuata mjini? Mtoto wa injinia kule Golf, mtaa wa wenye nacho, anaamka na Kifaransa mezani na kwenye televisheni. Wa kwetu anakutana nacho ubaoni, anakisoma kwa sauti nzuri kabisa, ukimuuliza kimesema nini anatazama miguu yake. (Wazee wenzangu wananiambia hata sisi tulikaa chini. Ndiyo, ila vitabu tulikuwa navyo.)

Benki ya Dunia inasema watoto 97 kati ya 100 wa miaka 10 nchini mwetu hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi. Mimi nauliza wale watatu wanaoweza wanalala komini gani, yaani sehemu gani ya mji.

Enzi mji huu wa Lubumbashi ulipoitwa Elisabethville, Wabelgiji waliacha uwanja mtupu kati ya mji wa wazungu na mitaa ya weusi, Kamalondo kisha Kenya na Katuba, na shule nzuri zikawa upande wao. Siku hizi mlangoni huulizwi rangi, unaulizwa dola. Na mtoto wa kwetu bado anauvuka mji kwa miguu kutafuta shule yenye kitabu.

Naomba wakuu wa elimu wa jimbo jambo lisilohitaji mfadhili: kila shule ibandike mlangoni idadi ya wanafunzi kwa kila darasa na idadi ya walimu wasiolipwa na serikali. Wazazi tuisome, tulinganishe Katuba na mjini. Kisha mishahara na madawati vianzie pale namba ni mbaya zaidi, kabla shule za mjini hazijapakwa rangi upya.

Mzazi,
Komini ya Katuba, Lubumbashi