Fundi, sikiliza kabla ya kushusha injini

Mhariri,

Nina Toyota Corolla ya mwaka 1996, gari lililowapeleka wanangu watatu shule. Mwezi uliopita nikipanda daraja la Nyali lilianza kulia: mkwaruzo mkavu, kama kijiko kinachokuna ukoko wa sufuria, ukizidi kila nikikanyaga mafuta. Fundi wa kwanza aliinamia boneti kidogo tu, akasema beringi za ndani zimekwisha, injini ishushwe. Usiku ule sikulala, nikiwaza niuze nini.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu ufundi, alinizuia. Alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha kwenye alteneta, ile mashine inayochaji betri, huku mpini ameubana sikioni, mkono ukiwa mbali na mkanda. Akahamia pampu ya maji inayopoza injini, kisha kava ya vali juu ya injini, akarudi kwenye alteneta. "Njoo usikie, mwanangu." Chuma kilikuwa kinasagana waziwazi. Tukazima, tukatoa mkanda, tukawasha kwa sekunde chache tu, maana mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Kimya! Alteneta tulipoizungusha kwa mkono ilikwaruza vilevile.

Mhariri, inaniuma nikifikiria wenye tuktuk na matatu walioshushiwa injini nzima bure. Nawaomba mafundi wetu wa Mombasa: kabla ya kugusa spana, tumieni bisibisi na sikio. Nasi wenye magari tuulize, "Umeijuaje?"

Langu lilibadilishwa beringi mbili za alteneta, na kabla ya magharibi nilikuwa barabarani.

Mama wa watatu,
Tudor, Mombasa