Barua ya wazi kwa mabinti wataalamu wa Nyanda za Juu Kusini wanaokaribia kufunga ndoa

Wanangu wapendwa,

Ninyi wa Rungwe na Kyela, mugonile. Ninyi wa Iringa na Njombe, kamwene. Ninawaandikia kutoka Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya, nikiwa mstaafu wa kazi ya utumishi ambaye kwa miaka 37 alifungua na kufunga majalada ya watumishi wengi mno. Kila msimu wa harusi unapokaribia, hunijia muuguzi, mwalimu au mhasibu aliyekwisha kuchumbiwa, akiniuliza kama baada ya ndoa aendelee kuandika jina la baba yake au aandike la mume. Nimewajibu wengi mmoja mmoja barazani kwangu, na sasa nimeona niwajibu nyote kwa pamoja.

Ushauri wangu ni huu: kazini, baki na jina lililomo katika cheti chako cha kidato cha nne, isipokuwa wewe mwenyewe umetaka kwa moyo wako kulibadili, na ukitaka hivyo, libadili kisheria na ulibadili kila mahali. Ninachowakataza ni kubadili nusu, kwa sababu mimi nilibadili nusu.

Nilianza kazi mwaka 1978 kwa jina la baba yangu. Nilipoolewa mwaka 1983, karani wa mishahara aliniuliza jina la bwana harusi, akalichapa katika orodha ya mwezi uliofuata, nami nikaona ni heshima niliyopewa. Hakuna aliyeniomba hati yoyote, wala mimi sikufikiri kwamba ilihitajika. Vyeti vyangu vya shule na vya chuo vilibaki na jina la kwetu, barua ya ajira ilikuwa na jina la kwetu, ila mshahara na michango ya hifadhi ya jamii vikaendelea kwa jina la kwa mume wangu. Nilipostaafu mwaka 2015 na kwenda kudai mafao, niliambiwa kwamba michango ya miaka mitano ya kwanza ni ya mwanamke mwingine. Ilinichukua miezi 14, safari nyingi za basi na viapo viwili kuthibitisha kwamba yule mwanamke mwingine ni mimi. Mume wangu alikuwa ameshafariki, na fedha niliyokuwa nikiisubiri ndiyo ambayo ingemlipia mtoto wetu wa mwisho ada ya chuo. Alikaa nyumbani mwaka mzima. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Msidhani kwamba mambo hayo yalikwisha na kizazi chetu. Mtakumbuka uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ambao taarifa yake ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli mjini Dodoma mwezi Aprili 2017, ikiwataja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Wakati ule walikuja kwangu wanawake ambao hawakughushi chochote, waliosoma kwa jina moja na kuajiriwa kwa jina lingine, wakiwa hawalali kwa hofu ya kuonekana wanatumia cheti cha mtu. Mwanamke aliyekesha na vitabu hapaswi kujieleza kama mtuhumiwa kwa sababu tu aliolewa.

Wengi wenu mnaamini kwamba sheria inamtaka mke achukue jina la mume. Haimtaki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina kifungu kinachomlazimisha mwanamke kuacha jina lake, na sheria hiyohiyo inampa mke haki sawa na ya mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Cheti cha ndoa kinathibitisha kwamba mmeoana. Hakibadili kitambulisho chako wala cheti chako cha taaluma. Mchungaji anapowatangaza kanisani kama Bwana na Bibi fulani, huo ni utambulisho wa heshima mbele ya waumini, na unapendeza, lakini hauna nguvu katika jalada lako la kazi.

Najua pia kwamba mtaambiwa ni mila. Bibi yangu mzaa mama, aliyeolewa huko Rungwe, hakuwahi hata siku moja kuitwa kwa jina la babu. Aliitwa kwa jina la ukoo wao, na baada ya kuzaa akaitwa mama wa mtoto wake wa kwanza. Majina yetu ya Kinyakyusa yanayoanza na Mwa- yanamtaja mtu kuwa ni wa uzao wa babu fulani, na ng'ombe wa mahari hawakuwahi kumtoa binti katika uzao huo. Hata baada ya miaka arobaini ya ndoa, msiba wa kwao ukitokea anaitwa kama mtoto wa pale, na anakwenda kulia kama mtoto wa pale. Mwanamke kuandikwa kwa jina la mume kulitujia pamoja na vitabu vya misheni na vya ofisi za wakoloni. Wamisionari Wamoravia walifika Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo tunazungumzia desturi ambayo bibi wa bibi zetu hawakuikuta. Sisemi ni desturi mbaya kwa kuwa ni ya kuja. Mambo mengi mema yalitufikia kwa njia hiyo. Ninasema tu kwamba anayekataa kuibeba hajawatupa wazee wake.

Na wala hatakuwa wa kwanza. Rais wetu, Samia Suluhu Hassan, ni mke wa mtu na mama wa watoto, naye ameshika nafasi zake zote za uongozi kwa jina la baba yake, kama ilivyo kawaida kwa wanawake wa Kiislamu. Asha-Rose Mtengeti Migiro, mzaliwa wa Songea, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2007 hadi 2012, amebeba majina yote mawili, la kwao na la kwa mume. Njia hiyo ya majina mawili ninaipenda kwa wale wanaotamani kuonekana wa nyumba zote mbili, mradi majina yaandikwe kwa mpangilio uleule katika kila karatasi. Ukiandika matatu benki na mawili kwenye mfuko wa hifadhi, umerudi kulekule nilikokuwa.

Sasa kwa yule aliyeamua kubadili kabisa. Wanawake wengi hula kiapo mbele ya wakili au hakimu wakadhani wamemaliza. Kiapo cha majina kinasema kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Hakikuondolei lile la zamani. Ukitaka kuliacha, unahitaji hati ya kubadili jina, iliyosainiwa mbele ya wakili, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Ukiwa na hati hiyo mkononi, anza na NIDA, mamlaka ya vitambulisho, kwa sababu kila ofisi nyingine itakuuliza kitambulisho cha Taifa. Namba yako yenye tarakimu 20, inayoanza na tarehe ya kuzaliwa, haibadiliki. Kinachorekebishwa ni jina. Kisha nenda kwa mwajiri, kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, bima ya afya, Mamlaka ya Mapato (TRA), benki, Uhamiaji kama una pasipoti, na kwenye baraza au bodi iliyokusajili katika taaluma yako. Hili la mwisho husahaulika sana, na muuguzi ambaye leseni yake haifanani na kitambulisho chake atakuja kuulizwa siku anayoomba kazi mpya. Vyeti vya shule vitabaki na jina la zamani, kwa hiyo nakala ya hati ya kubadili jina ikae pamoja navyo siku zote. Nakala nyingine mpe dada yako au mama yako aitunze, maana nyumba huungua.

Angalieni pia cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kadi ya kliniki hujazwa haraka, na jina la mama aliyechoka kwa uchungu hutajwa na shemeji aliyemsindikiza. Jina la mama katika cheti kinachotolewa na RITA, wakala wa usajili, liwe lile lililo katika kitambulisho chake, herufi kwa herufi, ili kesho mtoto wake asihitaji kiapo kuthibitisha aliyemzaa.

Zungumzeni na wachumba wenu mapema. Sheria inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa yenyewe, na sioni wiki tatu nyingine zinazofaa zaidi kwa mazungumzo haya, kabla kamati ya harusi haijawachosha. Mweleze kwa upole kwamba jina lako la kazi ndilo linaloshika mshahara, mkopo na mafao ambayo naye na watoto watayategemea. Nyumbani kwake na ukweni akuite mke wa fulani atakavyo. Itikia kwa furaha, kwa kuwa kuitikia hakuandikwi popote. Kijana anayekupenda ataelewa. Akinuna, mpe muda, mkazungumze tena mbele ya mshenga, lakini usiende ofisini kubadili jina ili kumaliza ugomvi.

Na ninyi ambao mmeshaolewa na majalada yenu yana majina mawili, msisubiri barua ya kustaafu. Nendeni mwezi huu kwenye mfuko wenu mkaombe taarifa ya michango tangu siku ya kwanza ya kazi, mwisome mwaka kwa mwaka, na mkikuta miaka isiyoonekana, fuatilieni sasa, wakati aliyewaajiri bado yupo na aliyesaini barua zenu bado anaweza kuulizwa.

Mama yenu,
Afisa utumishi mstaafu,
Uyole, Mbeya