Maumivu yalianzia shingoni, sasa hata kikombe kinanidondoka

Dokta shikamoo, na wasomaji wenzangu habari zenu. Mi ni mama wa miaka 43 niko Newala, nabangua korosho nyumbani na maji najitwisha mwenyewe, ndoo ya lita 20, si unajua huku kwetu shida ya maji.

Wiki ya tano hii shingo inaniuma upande wa kulia, maumivu yanashuka begani yanapita mkononi mpaka dole gumba na kidole cha shahada, yanapiga kama shoti ya umeme halafu inabaki ganzi. Mwanzo nilijua ni yale mafuta ya maganda ya korosho yamenila vidole, yanaunguza sana yale, nikawa najipaka majivu tu, lakini mbona mkono wa kushoto hauna shida? Duka la dawa wakanipa diklofenaki wakasema baridi yabisi, nikameza wiki nzima wapi.

Usiku nikiweka mkono juu ya kichwa ndo napata nafuu nalala, ila mama mkwe akinikuta hivyo anakuja juu, anasema naita msiba, mikono kichwani ni ya kulilia maiti. Namuelewa, lakini nifanyeje na nikiushusha tu moto unarudi.

Juzi nikaonana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akanilaza kichwa upande wa kulia akakandamiza kidogo, shoti hiyo hadi kidoleni! Akasema ubovu hauko mkononi, uko shingoni, kati ya pingili kuna vitu laini kama mito, mmoja umetokeza unabana mshipa wa fahamu unaokwenda dole gumba. Akanitia moyo kwamba wengi wanapona kwa wiki au miezi kadhaa bila kupasuliwa, ila mkono ukiishiwa nguvu, au miguu ikayumba, au mkojo ukanisumbua, nisikae nyumbani.

Sasa tangu jumamosi kikombe cha chai kimenidondoka mara mbili na kufunga kanga kwa mkono wa kulia nashindwa kukaza. Mume wangu anasema tusubiri msimu wa korosho upite, wifi yangu anataka nipelekwe kwa mzee mmoja anayenyonga shingo mpaka ilie ka! Hiyo naogopa kweli.

Dokta, huku kudondosha vitu ndo kuishiwa nguvu kwenyewe au ni ganzi tu? Na nyie yaliyowakuta haya, ndoo mliacha kabisa au mlibeba dumu kwa mkono mwingine? Naombeni mnijibu mapema, alfajiri ya jumatatu kuna gari ya Ndanda, kule kwenye hospitali kubwa, na nauli ninayo.