Michezo ya darasa la Kiingereza: barua kwa mwalimu mwenzangu

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia umepangiwa vipindi vya Kiingereza. Umeomba nikutajie michezo ya kuchangamsha darasa. Nitakutajia, ila kwanza nikueleze ninavyoichagua, maana ni mingi na mingine inakula kipindi bure.

Mimi hujiuliza swali moja tu: je, mwanafunzi anaweza kushinda mchezo huu bila kufungua mdomo? Kama anaweza, nauweka kando. Ule wa kubahatisha herufi za neno ubaoni, kwa mfano, watoto wanaupenda sana, lakini ukiwasikiliza utagundua wanachotamka ni herufi tu, tena ni wale wachache wa mbele. Utumie kumalizia dakika zilizobaki, usiufanye somo.

Ninaouthamini kuliko yote ni wa picha mbili. Chora chumba kimoja mara mbili, kisha badilisha vitu vichache: kwenye picha hii paka yuko chini ya meza, kwenye ile amelala juu ya kiti, huku dirisha liko wazi, kule limefungwa. Wanafunzi wawili wakae wakitazamana, kila mmoja na picha yake, na kuonyeshana ni marufuku. Watafute tofauti kwa kuulizana. Hapo "Where is the cat?" linakuwa swali la kweli, kwa sababu anayeuliza hajui jibu na analitaka. Tofauti kabisa na pale tunaposimama na kitabu mkononi tukiuliza "Is this a book?" huku darasa zima linakiona!

N. S. Prabhu, aliyeendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa kazi za namna hii huko Bangalore, India, kati ya 1979 na 1984, alizigawa katika makundi matatu: pengo la habari, yaani mmoja anajua asichokijua mwenzake, kama hizo picha, pengo la hoja, kwa mfano kutengeneza ratiba ya mwalimu mmoja kutokana na ratiba za madarasa, na pengo la maoni, kama kuimalizia hadithi kila mtu anavyoona. Wakubwa wape hayo mawili ya mwisho. Wana mengi ya kusema, wanachokosa ni sababu ya kuyasema.

Wanaoanza kabisa usiwalazimishe kusema. Kwao ile kanuni yangu naiacha. Toa amri, wao watende: "Stand up. Touch the door. Give the pen to your friend." Mwanasaikolojia James Asher, Mmarekani, aliikuza njia hii tangu miaka ya 1960, na msingi wake ni kwamba mtoto huelewa lugha muda mrefu kabla ya kuizungumza. Muhimu ni kuchanganya amri upya kila mara, la sivyo watakariri mfuatano bila kusikiliza. Atakayekuwa tayari, mpe nafasi yeye ndiye aamuru.

Halafu kuna imla ya kukimbia, ambayo nadhani darasa lako litaipenda. Bandika kifungu cha sentensi nne au tano ukutani, mbali na madawati. Mmoja anakwenda, anasoma, anabeba kichwani kiasi anachoweza, anarudi kumsomea mwenzake anayeandika. Utawaona wakirudi midomo inachezacheza, neno lisipotee njiani. Katikati piga makofi wabadilishane, maana mwenye uwezo asipoondolewa kwenye kusoma atafanya kazi yote peke yake. Na kama nafasi ni finyu, watembee tu.

Kelele zitakuwepo. Cha kuangalia ni kelele za lugha gani. Wakirudi kwenye lugha yao, mara nyingi kazi imewazidi: waandikie ubaoni maswali mawili matatu ya kuanzia. Makosa usiyakatize mchezo ukiendelea. Yaandike daftarini, mwishoni yaweke ubaoni bila kutaja jina la mtu, darasa liyasahihishe. Mtoto akishaaibishwa mbele ya wenzake, kipindi kijacho hatainua mkono.

Kwa wiki ya kwanza chukua picha mbili tu, mchezo mwingine usiuguse. Nitakutumia zangu uzinakili. Nawe niandikie walikwama kwenye maswali gani, ili tupange pamoja wiki ya pili.

Wako daima,
Mwalimu mwenzako