Nayadukiza tu

Mbita, Kenya, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu zako zimefika, pamoja na kile kijembe chako kwamba nimewaacha watu Tanga nikaja kuzungumza na mahindi huku Ziwa Victoria. Sizungumzi nayo. Nayadukiza tu.

Wiki nzima kazi yangu ni kufunika miche kwa mifuko ya kuokea kuku. Usicheke. Plastiki nyingine ina harufu yake, inatuharibia kila kitu. Upande mmoja inaingia hewa iliyochujwa kwa mkaa, upande wa pili pampu inainyonya ipite kwenye kichujio kidogo, harufu ya mmea inanasa humo. Jumanne umeme ukakatika saa nane usiku, pampu zote kimya. Nilikaa kwenye ndoo nikalia. Miche ile ilikuwa imeshatagiwa mayai, na nondo hatagi kwa kubembelezwa.

Nondo ninayemsema ndiye mama wa yule funza atoboaye mabua. Hutaga, akaenda zake. Jani halijatafunwa hata kidogo, yai halijaanguliwa, lakini hindi linabadili harufu! Basi wanakuja nyigu wadogo, wengine hata milimita moja hawafiki. Wapo wanaotaga ndani ya yale mayai ya nondo wakayaua, wapo wanaomtafuta funza mwenyewe, na hindi linapona. Tunawatia kwenye kifaa cha kioo chenye njia nne tuone wanaelekea wapi.

Sasa hili ndilo linaloniuma. Mwaka 2011 watafiti wa huku walitoa matokeo: mbegu za kienyeji walizozijaribu ziliita nyigu, zile chotara za madukani walizozilinganisha nazo hazikuita. Nahisi tulipokuwa tukichagua hindi kwa ukubwa wa gunzi, hakuna aliyekumbuka kulinusa.

Kuhusu swali lako, kama mimea huambiana: kuna nyasi ya molasi, ikioteshwa jirani na mahindi, mahindi nayo huanza kujihami kabla hayajaguswa. Wenzangu wengine huita hayo mazungumzo. Mimi bado nasita. Nyasi haina habari na mtu, inanuka tu kama kawaida yake. Jirani ndiye anayefaidi. Wewe uliyezijua siri zote za bweni kwa kutega sikio dirishani, nani alikuwa anakwambia?

Nina ombi. Yale mahindi mekundu ya mama yako, aliyoyafunga kwa maganda yake juu ya jiko, mwambie asiyapukuchue yote. Nibakishie manne, matano. Asiyatie dawa. Kibali cha kuvuka nayo mpakani nitakihangaikia mwenyewe, tafadhali usiyafiche kwenye mkoba kama ulivyofanya na yale maembe.

Msalimie mama, umwambie mbegu ni zake, nitamrudishia.

Wako wa bweni